Barua unayosaini siku ya mwisho kazini: fao la kukosa ajira linavyofanya kazi

Niliwekewa karatasi mbili mezani. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na afisa utumishi alikuwa ameshafunga mlango. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya kampuni kusitisha ajira yangu kwa sababu biashara imeshuka. Ya pili ilikuwa barua ya kuacha kazi, imeshachapwa kwa jina langu, imebaki sahihi tu. Akaniambia kwa upole kwamba ya pili ingenifaa zaidi: faili langu lingebaki safi, na mwajiri wa kesho akipiga simu kuniulizia angeambiwa niliondoka mwenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka mitano na sikutaka kuitwa mtu aliyefukuzwa. Nikasaini ya pili.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye foleni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kudai fao la kukosa ajira, bahasha ya vielelezo mkononi. Dada wa dirishani aliisoma barua yangu mara moja tu akanirudishia. "Kaka, hapa umeandika umeacha kazi mwenyewe. Fao hili halikuhusu."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Shemeji, jirani, kijana niliyefanya naye kazi zamani, kila anayeitwa ofisini ghafla hunipigia simu. Karibu wote huuliza wakiwa wamechelewa, wameshasaini. Ndiyo maana ninaandika. Haki ya fao la kukosa ajira, yaani malipo ya muda kwa aliyepoteza kazi, huamuliwa siku unayoondoka kazini, kwa maneno yaliyomo kwenye barua. Dirishani wanasoma tu kilichokwisha andikwa.

Ninachoeleza hapa ni cha Tanzania Bara. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na sheria yake ya ajira, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba asichukue hesabu hizi akazipeleka kule.

Fao hili limetoka wapi

Wakubwa wetu walikuwa na neno lao, ridandansi. Lilienea miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa na watu wakarudi nyumbani kwa mamia. Waliokuja baada yao walizoea kitu kingine kilichoitwa fao la kujitoa. Kazi ikiisha, unakwenda kwenye mfuko, unachukua michango yako yote, unafungua duka au unaezeka nyumba, na ukipata kazi nyingine unaanza kuchangia upya kutoka sifuri.

Tatizo la kujitoa halikuonekana haraka. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mtu aliyebadili kazi mara nne katika maisha yake na kuchukua kila kitu kila mara alifika miaka 60 akiwa na miezi michache tu mfukoni, wakati mwenziwe aliyekaa serikalini anapokea pensheni kila mwezi. Mwaka 2012 sheria ilirekebishwa ili kulifuta fao hilo. Wafanyakazi, wachimbaji wa migodini wakiwemo, walipinga kwa nguvu, na Serikali ikarudi nyuma.

Mabadiliko yaliyodumu yalikuja mwaka 2018. Sheria Namba 2 ya mwaka huo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti, iliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kuiachia NSSF sekta binafsi na sekta isiyo rasmi. Ndani ya mabadiliko hayo kujitoa kukaondoka, na mahali pake pakawekwa fao la kukosa ajira.

Hapa kuna mkanganyiko ninaousikia kila wiki. Desemba 2018 Rais Magufuli alisimamisha kikokotoo kipya cha pensheni baada ya malalamiko ya wafanyakazi, na watu wengi wakaamini kwamba kila kitu cha mwaka ule kilirudishwa, kujitoa kukiwemo. Kilichosimamishwa kilikuwa hesabu ya pensheni ya wastaafu. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo kingine chenye mkupuo wa asilimia 33, na 2024 kiwango hicho kikapandishwa tena. Sasa fao la kukosa ajira nalo lina asilimia yake, 33.3, na namba hizi mbili zimefanana kama pacha. Mjomba anayejadili asilimia 33 kwenye kijiwe anaongelea mkupuo wa kustaafu. Wewe uliyepoteza kazi ukiwa na miaka 34 huna habari na mkupuo huo.

Nani analipwa

Masharti yenyewe si mengi. Uwe na umri chini ya miaka 55, kwa sababu kuanzia hapo unaingia kwenye mlango wa kustaafu kwa hiari. Uwe umechangia angalau miezi 18 ili ulipwe kila mwezi. Usiwe na sifa za kupata fao jingine la muda mrefu, kwa mfano pensheni. Uthibitishe kwamba hujapata kazi nyingine. Na kazi yako isiwe imeisha kwa wewe mwenyewe kuiacha.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha watu, na nitakaa nalo.

Kuacha kazi kwa hiari maana yake wewe ndiye uliyemwandikia mwajiri. Kuachishwa maana yake yeye ndiye aliyekuandikia. Tofauti ni nani aliyeshika kalamu kwanza, na waajiri wengi wanaijua vizuri kuliko sisi. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara ana wajibu chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Atoe taarifa ya kusudio la kupunguza, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao kujadili namna ya kupunguza madhara na vigezo vya kuchagua nani aondoke, halafu alipe kiinua mgongo. Mfanyakazi akiandika barua ya kuacha kazi, yote hayo yanayeyuka. Karatasi ile ya pili niliyowekewa mezani iliandaliwa kwa faida ya aliyeiandaa.

Hofu iliyonifanya nisaini ninaielewa hadi leo. Kwetu neno "kufukuzwa" lina harufu ya wizi, na mtu anaona heri aonekane ameondoka kwa miguu yake. Lakini barua inayosema "ajira yako imesitishwa kutokana na kupunguzwa kwa wafanyakazi" haina aibu yoyote, na mwajiri mpya anayeisoma anaelewa kilichotokea. Hata ukitaka kuandika kwenye wasifu wako kwamba kampuni ilipunguza watu, unaandika ukweli.

Kuna karatasi ya tatu siku hizi, makubaliano ya kusitisha mkataba. Hii ni ya kusomwa mstari kwa mstari. Kisheria ajira inaweza kuisha kwa makubaliano, na pengine unapewa fedha nzuri kuliko ambayo ungedai. Tazama mambo mawili. La kwanza, je, sababu imeandikwa? Omba iandikwe kwamba mwajiri ndiye aliyeanzisha mazungumzo kwa sababu anapunguza watu. Ukiacha pabaki wazi, msomaji wa dirishani anaweza kuona mtu aliyekubali kuondoka. La pili, karibu kila makubaliano huwa na kipengele kinachosema baada ya malipo hayo hutadai chochote tena. Ukikisaini, umefunga mlango wa kulalamika kwamba uliachishwa isivyo halali. Mwombe afisa siku mbili za kuisoma nyumbani. Anayekwambia lazima usaini sasa hivi, mbele yake, ana sababu zake.

Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake nako si kujiuzulu. Usikubali kuandika barua ya kuaga inayosema "naomba kuacha kazi" kwa sababu tu mkataba wako unaisha Juni 30. Mkataba wenyewe unaonyesha tarehe, na barua ya mwajiri ya kutouongeza inatosha kuwa ushahidi.

Namna nyingine ni ngumu zaidi. Mwajiri hakufukuzi, ila anakata mshahara, anakuhamisha kila wiki, anakutukana mbele ya wenzako mpaka unaandika barua mwenyewe. Sheria ya ajira inahesabu kuondoka kwa namna hiyo kuwa ni kuachishwa, pale mwajiri alipofanya kazi isivumilike. Lakini barua yako bado inasomeka kama ya mtu aliyejiuzulu, na pa kubishania hilo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Kama umefikia hapo, usiandike barua ya mstari mmoja. Andika sababu, tarehe, na matukio. Barua inayoeleza kwa nini umesukumwa nje ni ushahidi. Inayoshukuru kwa ushirikiano na kutakia kampuni mafanikio inakunyima ushahidi huo.

Miezi 18 inahesabiwa wapi

Inahesabiwa kwenye kumbukumbu za mfuko. Mshahara wako unaweza kukatwa miezi 30 mfululizo na slipu zote zikaonyesha makato, lakini kama mwajiri alipeleka michango ya miezi 15 tu, mfukoni una miezi 15.

Katika sekta binafsi mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida mwajiri hutoa 10 na wewe 10, na haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu ya jumla hiyo. Kwa PSSSF mwajiri hutoa 15 na mtumishi 5. Mwajiri anapewa mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha awe amewasilisha, na akichelewa anatozwa adhabu. Sheria iko wazi, lakini wapo wanaokata na kukaa na fedha za watu. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyaona katika habari hizi. Fedha imeshatoka kwenye jasho la mtu, imeandikwa kwenye slipu, na haijafika ilikotumwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetegemea fao hili inafanyika wakati bado ana kazi. Angalia taarifa ya michango yako kupitia mfumo wa wanachama wa NSSF mtandaoni, au PSSSF Kiganjani kwa watumishi wa umma, kila baada ya miezi michache. Mwezi ukikosekana, uliza mapema ukiwa na slipu mkononi. Ukishaondoka, uhasibu hawapokei simu yako tena na slipu zilizokuwa kwenye baruapepe ya kazini zimefungwa pamoja na akaunti. Zitume nyumbani, zichapishe, zitunze kama hati ya kiwanja. Kama michango haijawasilishwa, peleka malalamiko kwenye mfuko wenyewe. NSSF ina wakaguzi na ina mamlaka ya kumfikisha mwajiri mahakamani, na wewe huhitaji kumkodia wakili.

Angalia pia jina. Hassan wa kadi ya NSSF na Hasani wa kitambulisho cha NIDA ni watu wawili mbele ya kompyuta. Mwingine aliandikishwa upya na mwajiri wa pili, akawa na namba mbili za uanachama, na miezi yake imegawanyika huku na huku. Uanachama ni mmoja kwa maisha yote ya kazi. Kila mwajiri mpya anapaswa kuchangia kwenye namba ileile, na miezi 18 inayodaiwa si lazima iwe ya mwajiri mmoja.

Hesabu ya fedha

Chukua mtu anayelipwa 600,000 kwa mwezi. Asilimia 33.3 ni 199,800. Fao linalipwa kwa miezi 6, kwa hiyo jumla yake ni 1,198,800. Hapo ndipo linapokoma, hata kama mwezi wa saba bado unazunguka na bahasha ya vyeti.

Aliyechangia chini ya miezi 18 haingii kwenye utaratibu huo wa kila mwezi. Yeye hulipwa mara moja nusu ya michango yake. Mwenye mshahara huohuo aliyechangia miezi 12 ana 1,440,000 kwenye kumbukumbu, na nusu yake ni 720,000.

Hapa ndipo watu wanapokasirika, na hasira yao ina mantiki. Aliyefanya kazi miaka mitano kwa 600,000 anafungua taarifa yake anaona michango ya 7,200,000, kisha anaambiwa atapata 199,800 kwa mwezi kwa nusu mwaka. Anaona ameporwa. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa kujitoa, mpaka nilipokaa na baba mmoja wa mtaani kwetu aliyejitoa mara tatu enzi zile na leo anaishi kwa kutumiwa na watoto. Fao la kukosa ajira limejengwa kama bima ya kukuvusha, na akiba yako ya uzee inabaki pale ilipo. Ukipata kazi mwezi wa nne, miezi yako 60 iko palepale na ya 61 inaendelea kutoka hapo. Hilo ninalikubali. Nisilolikubali ni urefu wa kipindi. Miezi sita ni michache kwa mji ambao kodi ya nyumba hulipwa kwa mkupuo na ada ya shule haisubiri, na theluthi ya mshahara mdogo ni fedha ndogo sana. Wenye kutunga sheria wangelitazama hili tena, wengi wangewashukuru.

Ukikaa miezi 18 bila ajira, sheria inakuruhusu kuomba michango yako ihamishiwe kwenye skimu ya ziada, yaani ile ya hiari, ambayo taratibu zake za kutoa fedha ni tofauti na za mfuko wa lazima. Watu wengi hawajui kwamba njia hii ipo. Wanakaa miaka wakidhani michango imefungwa mpaka uzeeni, au wanasubiri kujitoa kurudi. Kama miezi 18 imekwisha kupita, hilo ndilo swali la kwenda kuuliza ofisini kwao.

Kufungua madai

Siku hizi madai yanaanzia mtandaoni, ila vielelezo ni vilevile vya siku zote: barua ya kusitishwa ajira yenye tarehe na mhuri, kitambulisho cha Taifa, namba ya uanachama, taarifa za akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe, na slipu za mishahara ya karibuni. Akaunti ya mume au ya dada haitakufaa. Kama una barua isiyo na sababu, ile inayosema tu "huhitajiki tena kuanzia leo", mwombe mwajiri aiandike upya kabla hujaondoka getini.

Usikae nyumbani kusubiri kuona kama mambo yatatengemaa. Nimeona watu wakiona haya kwenda kudai, kana kwamba wanaomba sadaka. Ulichangia, mwajiri alichangia kwa ajili yako, na tukio ulilochangia kwa ajili yake limetokea.

Ukipata kazi katikati ya miezi sita, toa taarifa. Fao ni la asiye na ajira, na mwajiri mpya akianza kupeleka michango kwa namba yako mfumo utaonyesha siku hiyohiyo. Ukiendelea kupokea utaonekana umedanganya, na doa hilo litabaki kwenye kumbukumbu zako utakaporudi kudai kitu kingine uzeeni.

Mfuko mmoja na mfuko mwingine

Nikiulizwa "nitalipwa shilingi ngapi", lazima nirudishe swali: na nani? Kuna anacholipa mfuko wa hifadhi na kuna anacholipa mwajiri. Ni vitu viwili, na kimoja hakifuti kingine. Mwajiri anayekwambia "mambo yako yote yako NSSF" anakudanganya.

Kwa upande wa mwajiri, siku ajira inapoisha anatakiwa akulipe mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoistahili na hukwenda, notisi kama hakukupa muda wake, kiinua mgongo kama unastahili, na gharama za kusafirishwa kama alikuajiri mahali pengine. Akupe na cheti cha utumishi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Likizo ya mwaka ni siku 28 pia, na namba hizi mbili zisichanganywe, kila moja ina malipo yake.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inaishia miaka 10. Uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12, na mwajiri ndiye awe amesitisha ajira. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati, na aliyejiuzulu hapati. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 26. Mtu wetu wa 600,000 aliyekaa miaka 4 na miezi 5 anahesabiwa hivi: 600,000 kwa 26 ni 23,077 hivi, mara 7 ni kama 161,500, mara miaka 4 ni 646,000 na ushei. Miezi mitano ya ziada haihesabiwi. Mimi niliyekaa miaka mitano na kusaini kwamba naondoka mwenyewe nilipoteza hiyo pamoja na fao.

Usafiri hupuuzwa kuliko haki zote. Kijana aliyechukuliwa Kigoma akapelekwa kufanya kazi mgodini Geita, ajira ikisitishwa kule, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake, au ampe fedha ya kufanya hivyo, na amlipe ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri huo. Wengi wanapanda basi kwa nauli ya kukopa.

Siku 30

Kama unaona uliachishwa bila sababu halali au bila utaratibu kufuatwa, pa kwenda ni CMA, na muda ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Malalamiko mengine, kama malimbikizo ya mshahara ambao hukulipwa, yana siku 60. Siku hizo zinahesabika pamoja na Jumapili, pamoja na siku ulizokaa kitandani kwa mawazo, na pamoja na wiki ambazo bosi anakwambia "subiri, tunalishughulikia suala lako". Ahadi ya mdomo haisimamishi saa. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa ueleze sababu nzito ya kila siku uliyopoteza.

Unaanza kwa kujaza fomu namba 1 ya CMA na kumpa mwajiri nakala. Kwanza mnakaa na msuluhishi, na kesi nyingi za watu ninaowajua ziliishia hapo, kwa mwajiri kukubali kulipa alichokuwa anakikwepa. Mkishindwana shauri linakwenda kwenye uamuzi. Huhitaji wakili ili kufungua shauri, na kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, kiongozi wako anaweza kusimama nawe. Jambo la kujua mapema ni kwamba aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hana kinga ya sehemu ile ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo haki, ingawa mshahara wake na stahiki nyingine bado ni zake.

Wasomaji wa Kenya hunitumia swali hilihili, kwa kuwa NSSF ya kwao ina jina moja na ya kwetu. Jina ndilo la pamoja, fao halipo. Kwao mwenye kupoteza kazi kwa kupunguzwa hutegemea Sheria ya Ajira ya 2007: mwajiri atoe taarifa ya angalau mwezi mmoja kwa chama au mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, na alipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Siku 15 ni zaidi ya mara mbili ya zetu 7, na hazikomei miaka 10. Kilichokosekana upande wao ni ile theluthi ya mshahara ya kila mwezi.

Mwezi uliopita jirani yangu, mama wa watoto watatu anayefanya kazi za ukarani, aliitwa ofisini akawekewa barua iliyoandaliwa. Mstari wa tatu ulisema "nimeamua kuacha kazi". Alinipigia simu akiwa kwenye korido, anazungumza kwa sauti ya chini. Nilimwambia arudi ndani, asigombane na mtu, aseme tu kwamba hakuamua yeye, kwa hiyo hawezi kusaini hilo neno. Walimwacha amesimama muda mrefu. Kisha karani mwenzake akaletewa barua aichape upya, na mstari wa tatu ukasomeka "kampuni imesitisha ajira yako". Akasaini, akaomba nakala yenye mhuri, akaja kunionyesha jioni ileile kabla hata hajavua viatu.